Nitamtambuaje muuzaji wa kuaminika wa spea za malori makubwa hapa Mombasa?

Mwenye Trela, Jomvu

Assalaam aleikum ndugu zangu, na hamjambo nyote. Nina malori matatu, vichwa viwili vya Mercedes-Benz Actros na kimoja cha MAN TGA, vyote vilivyotumika Uingereza kabla ya kuletwa Kenya, na kazi yake ni kuvuta matrela ya ekseli tatu kutoka Kilindini hadi Nairobi na, mzigo unapopatikana, hadi Malaba. Naomba ushauri wa watu wanaoijua biashara ya spea za malori hapa kwetu, kwa sababu yaliyonipata mwezi uliopita yamenifanya nitilie shaka namna yote niliyokuwa nikinunua kwa miaka sita.

Nilinunua beringi mbili na sili ya habu (kitovu cha gurudumu) ya trela katika duka ambalo sitalitaja. Maboksi yalikuwa na jina la kampuni kubwa ya Ulaya, na bei ilizidi kidogo tu nusu ya ile niliyotajiwa kwingine. Muuzaji aliniambia kwamba mali ni ile ile, ila wao huagiza wenyewe bila kupitia kwa mtu wa kati. Katika safari ya tatu, lori likiwa limepita Maungu usiku kuelekea Voi, dereva akaona moshi ukitoka kwenye gurudumu la nyuma upande wa kulia. Kifuniko cha habu kilipofunguliwa, grisi ilikuwa nyeusi kama lami, rola zimegeuka rangi ya samawati kwa joto, na kizimba kinachozishikilia kimekatika vipande vipande. Kontena la mteja lilikaa kando ya barabara siku mbili, na ncha ya ekseli ilikwaruzika kiasi cha kuhitaji kujazwa kwa welding na kuchongwa upya.

Niliporudi dukani na mabaki, nilionyeshwa risiti yangu mwenyewe. Iliandikwa "beringi 2, sili 1" na jumla ya fedha, basi. Hapakuwa na nambari wala jina la mtengenezaji. Muuzaji akaniuliza nitathibitishaje kwamba mabaki yale yalitoka kwake, na kwa kweli sikuwa na la kumjibu.

Nataka kujua mambo mawili. Kwanza, mtu atamjuaje muuzaji mwaminifu kabla spea haijaharibika barabarani? Pili, giaboksi ya MAN yangu inaanza kulia na fundi ananishauri ninunue iliyotumika. Je, hilo ni jambo la busara, au nirudi kwa wakala rasmi kwa kila kitu hata kama bei itanielemea?

Fundi wa Changamwe

Wa aleikum salaam, bwana, na pole sana kwa hasara hiyo. Nimefungua habu za matrela kwa zaidi ya miaka ishirini, na nitakuomba jambo ambalo huenda lisikufurahishe: usilihukumu duka kabla hujamuuliza aliyefunga. Beringi ya namna hii ina pete ya ndani yenye rola na pete ya nje inayogongewa ndani ya habu. Mafundi wengi, kwa haraka au kwa uvivu, hubadilisha pete ya ndani tu na kuiacha ile ya nje ya zamani, ambayo tayari imeshachimbika. Wengine hukaza nati kwa nguvu bila kuacha nafasi ndogo inayotakiwa, au huongeza grisi mpya juu ya ya zamani yenye mchanga. Beringi jenuini ikifungwa hivyo itaungua vilevile, na rola zitakuwa za samawati kama ulivyoziona.

Hata hivyo, hapo hapo ndipo ningempimia muuzaji. Anayeijua kazi yake, ukimwambia unataka beringi ya habu, hakimbilii rafuni. Atakuuliza ni ekseli gani, atakuuliza kama unabadilisha pande zote mbili, atakuuliza kama una sili na nati nzuri, na atakuomba umwonyeshe ya zamani au picha ya kibao cha ekseli. Ekseli za kampuni ya BPW za aina ya ECO, ambazo ni nyingi katika njia yetu, huchukua beringi 33118 kwa ndani na 33213 kwa nje. Tarakimu mbili za mwisho, ukizizidisha kwa 5, hukupa upana wa tundu kwa milimita, yaani 90 na 65. Kijana wa dukani anayejua hesabu hiyo ndogo amefundishwa na mtu, na duka linalofundisha vijana wake kwa kawaida halina haja ya kumdanganya mteja.

Kuhusu ughushi wenyewe, beringi ni miongoni mwa vitu vinavyoigwa zaidi, kwa sababu bidhaa ya bei ya chini ikiwekewa jina kubwa hupanda thamani papo hapo bila kubadilika umbo. Zamani tulitazama maandishi: ya kweli yamechorwa kwa leza, ni membamba na sawasawa, ilhali ya uongo yalikuwa mazito na yaliyopinda. Siku hizi waigaji nao wana leza, kwa hiyo jicho peke yake halitoshi. SKF wana programu ya simu iitwayo SKF Authenticate, unayoitumia kupiga picha boksi na beringi na kuzituma kwa wataalamu wao. Schaeffler, wanaotengeneza FAG, wana OriginCheck inayosoma alama iliyo kwenye boksi. Nimewahi kusimama mbele ya kaunta nikapiga picha, na muuzaji akanisogezea boksi karibu na taa ili picha itoke vizuri. Mwingine aliniambia dukani kwake hakupigwi picha. Sikununua kwa huyo wa pili na sijarudi tena.

Kwa kichwa chenyewe, mambo ni wazi zaidi. Nambari ya chesisi ina herufi na tarakimu 17. Ya Actros yako itaanza na WDB, na ya MAN itaanza na WMA. Muuzaji mwenye katalogi ataiomba nambari hiyo kwanza, kwa sababu Actros mbili zinazofanana kwa macho zaweza kuwa na breki tofauti au pampu tofauti ya maji. Spea za Mercedes-Benz huwa na nambari inayoanza na herufi A ikifuatwa na tarakimu kumi, na mara kwa mara kiwanda hubadilisha nambari ya zamani kwa mpya. Akikuambia "nambari yako imebadilishwa, sasa inaitwa hivi," na akakuonyesha kwenye skrini, huyo anafuata katalogi. Akikuambia "hii inaingia gari zote," ondoka.

Nitasema na jambo ambalo sisi mafundi hatupendi kulitaja. Fundi anapotumwa kununua spea, mara nyingi duka humpa chake, na fedha hiyo hutoka mfukoni mwako. Fundi akipewa kubwa, atakupeleka penye kubwa, wala si penye spea nzuri. Mimi niliwaambia wateja wangu wanilipe siku ya kwenda kununua kama wanavyonilipa siku ya kufunga, kiwango kinachojulikana, na ankara iandikwe kwa jina lao. Tangu hapo sina sababu ya kulipendelea duka lolote.

Giaboksi iliyotumika si jambo baya, mradi ujue unachonunua. TGA nyingi zina giaboksi ya kampuni ya ZF, na pembeni yake kuna kibao kilichoandikwa aina na uwiano wa gia. Kwa mfano, 16S 221 yenye uwiano wa 13.80–0.84 (gia ya kwanza hadi ya mwisho) si sawa na ile ambayo gia yake ya mwisho ni 1.0, ingawa zote zina gia kumi na sita. Ukifunga isiyo yako, lori litatembea, lakini injini itazunguka kwa kasi isiyolingana na difu, na dizeli utaiona ikiisha kabla ya Mtito Andei. Na kwa kuwa tumeitaja difu, anayenunua difu moja iliyotumika kwa lori la 6x4, yaani lenye ekseli mbili zinazosukumwa na injini, ahakikishe uwiano wake ni sawa kabisa na wa ile inayobaki, la sivyo zitavutana mpaka moja ivunjike. Muuzaji wa mitumba aliye mwaminifu hakifichi kibao, hakipaki rangi, na hukubali ufungue kifuniko utazame meno na mafuta. Nikikuta kibao kimeng'olewa, kwangu mazungumzo yameishia hapo.

Breki, tairodi, na kitu chochote cha usukani, usinunue kilichotumika. Hapo sina maelezo ya ziada.

Dada wa Kaunta, Shimanzi

Nashukuru kwa maneno ya Fundi, na mimi nitaongeza yale ninayoyaona nikiwa upande wa pili wa meza, kwani nimeuza spea za malori kwa miaka kumi na moja.

Neno "orijino" limechakaa katika soko letu, kwa hiyo bwana wa Jomvu asiulize kama kitu ni orijino, maana kila duka litajibu ndiyo. Aulize boksi ni la nani na aliyetengeneza ni nani. Kuna spea iliyo kwenye boksi la kiwanda cha lori lenyewe. Kuna ile iliyotoka kwa kampuni inayokiuzia kiwanda hicho, kama Wabco na Knorr-Bremse kwa mambo ya upepo, Sachs kwa klachi, Mahle kwa pistoni na filta; hii mara nyingi ni kitu kile kile katika boksi lingine na kwa bei ya chini. Kuna ya watengenezaji wengine wanaotengeneza kwa jina lao wenyewe, wazuri na wabaya. Na kuna ya kughushi, inayovaa jina la mwingine. Hizo tatu za mwanzo zote ni biashara halali, na mteja ana haki ya kuchagua ya bei ndogo akiwa anajua. Duka langu huuza aina hizo tatu, na ninapomwandikia mtu bei humwandikia mbili au tatu kando kando, kila moja na jina la mtengenezaji, ili achague mwenyewe. Muuzaji anayekutajia bei moja tu kwa kitu chenye viwango vitatu amekuchagulia yeye.

Kwa lainingi za breki kuna alama inayosaidia sana. Zile zilizoidhinishwa kwa soko la Ulaya chini ya kanuni ya ECE R90 hupigwa chapa ya herufi E ndani ya duara pamoja na nambari ya nchi iliyotoa idhini: 1 ni Ujerumani, 4 ni Uholanzi, 11 ni Uingereza. Karibu na duara hilo kuna nambari ya idhini inayoanza na 90R. Igeuze lainingi uitafute alama hiyo kwenye lainingi yenyewe, kwa sababu boksi huchapwa popote. Na ukibadilisha, badilisha ekseli nzima kulia na kushoto, kwani trela linaloshuka kutoka Mazeras likiwa na breki kali upande mmoja huvutwa kwenda upande huo.

Mali iliyoingizwa kutoka nje inapaswa pia kuwa na kibandiko cha Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, na shirika hilo lina nambari fupi ya 20023 ya kuhakiki alama zake kwa ujumbe wa simu. Kibandiko hakikuambii kwamba spea itaingia kwenye lori lako, lakini kutokuwapo kwake kunapaswa kukufanya uulize mali ilipitia wapi.

Naomba pia mtuelewe sisi. Wapo wanunuzi wanaochukua busta mpya ya breki, wanaitoa ndani ya boksi, wanaweka ya zamani iliyooshwa kwa petroli, kisha wanarudi kudai fedha. Ndiyo sababu mimi hupiga picha ya nambari ya spea mbele ya mteja na kuweka alama ndogo ya rangi mahali anapopaona, na picha hiyo namtumia kwa simu. Mteja hurudishiwa fedha ndani ya siku saba ikiwa kitu hakijafungwa kwenye gari. Vitu vya umeme kama sensa na kompyuta za breki havirudi, na hilo liko ukutani kwa maandishi makubwa. Duka lenye masharti magumu lakini yaliyoandikwa ni afadhali kuliko lenye ahadi tamu za mdomo. Kwa hiyo kabla ya kununua kitu kikubwa, bwana, nunua kidogo kwanza, filta au sili, kisha rudi nayo kesho yake ikiwa ndani ya boksi uombe kubadilishiwa. Utakavyopokelewa siku hiyo ndivyo utakavyopokelewa siku ya klachi.

Wakala rasmi ana nafasi yake. Kwa kompyuta za injini, injekta, na vitu vinavyohitaji kusomewa programu na mashine yao, nenda kwake. Kwa vitu vingine, tatizo si bei pekee, kwani lori la zamani laweza kusubiri spea iletwe kutoka ng'ambo kwa wiki kadhaa. Mwaminifu atakuambia "sina, itachukua siku kadhaa," na hatakupa kinachokaribiana ili usiondoke.

Mhasibu wa Kampuni ya Usafirishaji

Ndugu yangu wa Jomvu, hasara yako kubwa ilikuwa ile risiti. Katika kampuni ninayoifanyia kazi hatumlipi muuzaji yeyote ambaye hatoi ankara ya eTIMS, mfumo wa ankara za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA. Sababu moja ni ya kodi, kwa kuwa tangu tarehe 1 Januari 2024 gharama isiyo na ankara hiyo haikatwi katika hesabu ya mapato yanayotozwa kodi, na spea ya bei rahisi isiyo na ankara huishia kuwa ghali mwisho wa mwaka. Sababu ya pili ni kwamba muuzaji anayetoa ankara hiyo anajulikana, ana PIN, na hawezi kusema kesho kwamba hakukuona.

Lakini ankara yenyewe iandikwe vizuri. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, inamlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoitakia bidhaa na kutegemea ujuzi wake, kwa hiyo bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Ulinzi huo hupungua ukiomba kitu kwa jina la kibiashara tu. Kwa maneno mengine, ukisema "nipe FAG mbili," umejitegemea mwenyewe. Ukiandika "beringi za habu ya ndani na nje za trela, ekseli ya aina hii, nambari hii," umemtegemea yeye. Sisi huandika nambari ya chesisi au ya ekseli, nambari ya spea na jina la mtengenezaji kwenye LPO (hati ya kuagiza mali), na muuzaji hunakili hayo kwenye ankara. Kijana anayeona uzito kuandika mstari huo mmoja huwa anajua kwa nini.

Mambo yakiharibika, Mahakama ya Madai Madogo hapa Mombasa husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, sheria yake inataka shauri limalizwe ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Lakini utaingia humo na nini, kama karatasi yako imeandikwa "beringi 2"?

Dereva wa Njia ya Malaba

Mimi nitasema la barabarani tu. Lori likikwama Manyani saa nane za usiku, hutokea watu wa pikipiki wanaouza kila kitu, na dereva aliyechoka hununua. Mwajiri wangu ana duka moja analoliamini, na duka hilo hunitumia picha ya spea na nambari yake kabla ya kuikabidhi basi la usiku, nami naipokea stendi ya Voi asubuhi. Fedha huingia kwenye till ya jina la duka. Ukitajiwa nambari ya simu ya mtu binafsi, hata kama ni kijana unayemjua wa duka lilo hilo, usitume.

Mwenye Trela, Jomvu

Nimesoma kila neno, na nawashukuru sana, hasa Fundi kwa kunirudisha kwenye habu. Nilimuuliza aliyefunga, naye amekiri kwamba pete za nje hazikubadilishwa, kwa sababu hazikuwa zikitoka kwa nyundo na giza lilikuwa likiingia. Kwa hiyo sijui tena ni kiasi gani cha lawama kilikuwa cha beringi na kiasi gani kilikuwa chetu, na lile duka nimeacha kulisema vibaya kwa majirani.

Jana nilikwenda maduka matatu na ombi moja, bila kutaja ekseli. La kwanza walinijibu "zipo, ngapi?" La tatu walinipa bei kabla sijamaliza kusema. La pili, mzee mmoja mwenye miwani aliniomba picha ya kibao cha ekseli, na nilipomwambia sina, akakataa kuniuzia mpaka nimpigie simu kijana wa yadi aitume. Ilipofika aliikuza kwenye simu, akaniandikia bei mbili za watengenezaji wawili, na akaniuliza kuhusu pete za nje kabla sijazitaja mimi. Ankara ina nambari 33118 na 33213, jina la mtengenezaji na nambari ya ekseli. Nilipomwomba aongeze masharti ya kurudisha, alicheka, akageuza karatasi, na nikakuta yalikuwa yamechapwa nyuma. Giaboksi nimeiahirisha hadi Fundi aje kutazama kibao nami.

Habu zote sita zimefunguliwa na kufungwa upya leo. Trela linapakia kesho jioni, na dereva nimemwagiza asimame akishavuka mizani ya Mariakani, aguse kila habu kwa mgongo wa mkono, kisha anipigie simu kabla ya kuendelea na safari.